Muhuri na Nia

Swali ninalotaka kulijadili katika sura hii ni la zamani sana, ingawa safari hii limenijia kwa mlango mpya, mlango wa kompyuta. Swali lenyewe ni hili: mtu akishajulikana ni nani, je, inatosha kusema kwamba jambo lililofika kwa jina lake ni jambo lake? Na kama haitoshi, je, ni haki kumsimamisha mtu mwema kila mara na kumdai alama ya pili, ati kwa sababu yuko mtu mbaya mahali fulani ambaye pengine hatakuja kamwe?

Namwomba msomaji asilikimbie neno kompyuta. Mimi nilifunzwa ualimu katika zama za chaki na ubao, nikaongoza shule za msingi hadi kustaafu bila kuwa na mashine hiyo mezani pangu. Haya nitakayoyaeleza niliyafahamu kwa kuuliza, na niliuliza mpaka nikaelewa. Mwalimu akiona haya kuuliza, atamfundisha nani?

Nianze na kisa ambacho wasomaji wa Biblia wanakikumbuka, cha Nabothi Myezreeli, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi akakataa kuliuza kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, jambo ambalo mtu wa Karagwe mwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na babu yake hahitaji kufafanuliwa. Ahabu akarudi nyumbani kanuna, akajilaza kitandani, akakataa chakula. Ndipo mkewe Yezebeli alipoandika nyaraka kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji wa Nabothi. Wazee wakatenda kama walivyoagizwa, mashahidi wa uongo wakapatikana, na Nabothi akapigwa mawe akafa.

Uovu wa Yezebeli hauhitaji mwalimu wa kuufafanua. Mimi nataka tuwatazame wale wazee. Waliupokea waraka, wakautazama muhuri, na muhuri ulikuwa wa kweli. Haukughushiwa. Walijiuliza swali moja, yaani huu ni muhuri wa nani, wakapata jibu sahihi kabisa. Swali la pili hawakuliuliza: je, mwenye muhuri huu ndiye aliyelitaka neno hili? Ahabu mwenyewe hatuna haja ya kumwonea huruma, maana alipopata habari aliinuka akaenda kulimiliki shamba, na nabii Eliya akamkabili papo hapo kama muuaji. Lakini fikiria, ndugu msomaji, mwenye muhuri ambaye hakujua, wala hakufaidika, na ambaye siku ya hesabu muhuri wake utatolewa mbele ya watu kuwa ushahidi dhidi yake. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Sisi walimu wakuu tuliujua muhuri. Katika shule moja niliyohamishiwa nilikuta desturi ya kuuacha juu ya meza siku nzima, pamoja na kidau chake cha wino, ili kila mwalimu ajisaidie. Haukupita muda ikaletwa barua ya uhamisho wa mwanafunzi ambaye daftari la mahudhurio halikuwahi kuliona jina lake. Karatasi ilikuwa ya shule na muhuri ulikuwa wa shule. Tangu wiki ile kila barua iliyotoka ilipewa namba, na namba hiyo ikaandikwa katika daftari lililofungiwa kabatini pamoja na neno moja juu ya kusudi la barua. Mwalimu mkuu wa shule nyingine akipokea barua yenye muhuri usio na namba, au yenye namba ambayo kwangu inahusu jambo jingine, aliirudisha. Walimu walinung'unika. Walisema nimeleta urasimu. Nao walikuwa na sababu, kwani wazazi waadilifu waliotembea tangu alfajiri walirudishwa kwa ajili ya namba.

Sasa tuingie katika kompyuta. Mtu anapoingia katika tovuti inayomtaka jina na neno la siri, tovuti humpa kivinjari chake kijikaratasi cha utambulisho ambacho wataalamu hukiita kuki. Tangu hapo, kila kivinjari kinapopeleka ombi katika tovuti ile, hukionyesha kijikaratasi hicho chenyewe bila kumuuliza mwenye mali. Ni mtumishi mwaminifu kupita kiasi. Ikiwa mtu huyo, huku akiwa bado ameingia, atafungua dirisha jingine lenye ukurasa wa mtu mwenye hila, ukurasa ule waweza kuficha ndani yake fomu iliyokwisha kujazwa na kuelekezwa katika tovuti yake. Kivinjari huibeba, huonyesha kijikaratasi, na seva husema karibu, nakujua. Mwenye hila hakuiba neno la siri. Hakuona hata herufi moja ya akaunti. Alimtuma mtumishi wa mwenzake, basi.

Hila hii ilipewa jina lake la Kiingereza na Peter Watkins mwaka 2001, jina ambalo kwa Kiswahili chetu laweza kuwa maombi ya kughushi yanayotoka tovuti nyingine. Mwaka 2008 William Zeller na Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kuwa kwa njia hiyo ingewezekana kuhamisha fedha kutoka katika akaunti za wateja wa benki ya mtandaoni ya ING Direct. Waliijulisha benki, nayo ikaziba tundu. Lakini mzizi ni wa zamani zaidi. Mwaka 1988 mtaalamu mmoja, Norm Hardy, aliandika juu ya programu ya kampuni ya Tymshare iliyokuwa na ruhusa ya kuandika mahali palipohifadhiwa faili la hesabu za madeni ya wateja. Mtumiaji asiye na ruhusa hiyo aliitajia programu jina la faili lile kuwa ndipo pa kuweka matokeo ya kazi yake, na programu ikaandika juu ya hesabu zote, kwa utii, kwa kutumia ruhusa yake yenyewe. Hardy aliiita programu ile naibu aliyechanganyikiwa. Nilipoelezwa jina hilo niliwakumbuka wazee wa Yezreeli.

Dawa iliyopatikana ni sawa na namba yangu ya daftari. Seva inapomtolea mtu fomu, huficha ndani yake mfululizo wa herufi na tarakimu usioweza kubahatishwa, na yenyewe hubaki na kumbukumbu yake. Fomu inaporudi, seva huulinganisha. Mwenye hila aliye dirisha la pili anaweza kumtuma mtumishi, ila hawezi kuisoma fomu aliyopewa mwenyewe, kwa hiyo haijui alama. Alama hiyo huitwa tokeni, neno ambalo wasomaji wengi wanalijua kwa sababu ya umeme wa LUKU. Zile tarakimu 20 zilizotolewa kwa mita yako hazikubaliwi na mita ya jirani, wala mita yako haizikubali mara ya pili. Tokeni ya fomu nayo hufungwa kwa mtu mmoja na kwa kikao chake kimoja. Kuki husema huyu ni nani. Tokeni husema kwamba neno hili limetoka katika fomu tuliyompa yeye mkononi.

Ndugu zetu Waislamu wanasisitiza nia kabla ya ibada, kwa kuwa kiungo cha mwili chaweza kutenda jambo ambalo moyo haukulikusudia. Na Mgiriki Aristotle alifundisha kwamba tendo ni la hiari pale ambapo chanzo chake kimo ndani ya mtendaji, naye mtendaji anazijua hali za tendo lile. Kwa kipimo hicho, ombi lililobebwa na kivinjari kutoka dirisha la mwenye hila si tendo la mwenye akaunti hata kidogo, japokuwa kumbukumbu za seva zitasema ni lake, kwa jina, kwa saa na kwa dakika.

Ni hapo penye uzito wa jambo lote, na nitasema ni kwa nini. Katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, ambacho nakiacha bila jina, karani msichana aliachishwa kazi kwa sababu namba ya simu ya kulipia mkulima mmoja ilibadilishwa katika mfumo, na fedha za mkulima zikaenda kwingine. Mfumo ulionyesha kwamba aliyebadilisha ni karani. Yeye aliapa kwamba siye. Pengine aliiacha mashine wazi akaenda kunywa chai, pengine mtu alilijua neno lake la siri, pengine ilikuwa hila hii ninayoieleza. Mfumo ule haukuwa na namna ya kutofautisha, kwa hiyo viongozi walichukua jibu pekee walilokuwa nalo, yaani jina. Nilimfundisha darasa la tano. Sasa anauza maharage sokoni Omurushaka.

Kwa hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyesomea mambo haya Dar es Salaam, alipopewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kuandikisha wakulima na mizigo yao ya kahawa kwa chama kingine cha huku kwetu, nilifuatilia kazi yake kwa karibu kuliko alivyotaka. Aliutengeneza kwa kutumia kiunzi cha programu, yaani fremuweki, kiitwacho Laravel, kilichoanzishwa na Taylor Otwell mwaka 2011. Kiunzi hicho, kama alivyo mwenzake Django aliyetangulia, huja na ulinzi wa tokeni tayari. Fomu ikirudi bila tokeni sahihi, Laravel hutoa namba 419 na maneno mawili ya Kiingereza yanayosema kuwa ukurasa umekwisha muda wake. (Namba hiyo haimo hata katika orodha rasmi ya namba za makosa ya mtandao, waliichagua wenyewe. Django hutoa 403.)

Wiki ya kwanza ya msimu malalamiko yakamwagika. Makarani walijaza fomu ndefu, jina la mkulima, kitongoji, idadi ya miche, kilo, namba ya simu, wakabonyeza kutuma, wakapata 419, na yote waliyoyaandika yakatoweka. Karani mmoja mtu mzima alijua Kiingereza cha kutosha kusoma kwamba kitu fulani kimekwisha muda wake, akadhani ni mkataba wake wa kazi. Alikwenda kwa mwenyekiti kuuliza amekosa nini.

Mpwa wangu alinijia jioni amechoka. Alinieleza kwamba katika Laravel ipo orodha ya msamaha: ukiandika humo anwani ya fomu, mlinzi haiulizi tena. Orodha hiyo ina matumizi yake halali. Kampuni ya simu inapoleta taarifa kwamba malipo yamefika, hakuna fomu wala mtu, mashine inazungumza na mashine, na uthibitisho hufanywa kwa njia nyingine. Yeye alitaka kuandika humo fomu zote.

"Mjomba," alisema, "wiki nzima nimehesabu makosa. Hakuna hata moja lililotoka kwa mwizi. Wote waliozuiwa ni makarani wetu wenyewe. Halafu nani atatoka Ulaya kuja kuiba kilo za kahawa za Nyabiyonza?"

Hoja hii ina nguvu na haifai kudharauliwa. Watu wengi huijibu kwa kusema kuwa mlinzi wa ghala halaumiwi kwa usiku ambao wezi hawakuja. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu halina kikomo. Kwa jibu hilo unaweza kutetea kero yoyote duniani, hata kumpekua kila mama anayekwenda kisimani. Ikiwa tutamzuia mwema kwa ajili ya mbaya, lazima tupime kosa la kila upande lina gharama gani, na ni nani anayeilipa.

Basi tupime. Mlinzi akimkataa karani mwaminifu, karani hupoteza saa moja na subira yake. Ni hasara ya kweli, hasa pale ambapo mtandao wenyewe hupatikana kwa kupanda kilimani, lakini hasara ile inaonekana. Karani huipiga kelele siku hiyo hiyo, na fundi akitaka aweza kuirekebisha. Mlinzi akikubali ombi la kughushi, mkulima hupoteza mavuno ya mwaka, naye hatagundua mpaka siku ya malipo. Na juu ya hasara ya mkulima, kumbukumbu itamtaja karani ambaye hakutenda. Hasara ya kwanza hulalamika, ya pili hukaa kimya. Kuhesabu malalamiko peke yake, kama alivyofanya kijana wangu, ni kuhesabu upande mmoja wa mizani. Tena mwenye hila hana haja ya kutoka Ulaya. Yatosha awe mtu wa jirani anayejua anwani ya mfumo na aliye katika kundi moja la WhatsApp na makarani, akawatumia kiungo cha picha za harusi. Wale wanaotuandikia kila siku kwamba ile hela tuitume kwa namba hii nyingine hawakutoka mbali.

Nilimwambia kwamba kazi ya daktari si kumfukuza mgonjwa aache kukohoa mlangoni. Aende akatafute ni wapi tokeni inapotelea, kati ya kutolewa na kurudishwa. Alinung'unika kama walimu wangu wa zamani, kisha akaenda.

Aligundua kwamba namba moja ya 419 ilifunika maradhi manne yasiyofanana. Fomu mpya ya kuandikisha mizani hakuwa ameitia kabisa ule mstari mmoja unaoweka tokeni ndani. Hilo lilikuwa lake, akalitibu kwa dakika moja na hakulisema tena. Tatizo jingine lilitokana na kiungo kilichosambazwa kwa simu, ambacho kilianza na herufi tatu za www, wakati fomu yenyewe ilijituma katika anwani isiyo na herufi hizo. Kwa kivinjari hizo ni nyumba mbili, na kuki iliyotolewa katika moja haikuonyeshwa katika nyingine, hivyo seva haikumtambua mtu wala tokeni yake. Akaelekeza anwani zote mbili ziwe moja.

Maradhi ya tatu yalinifurahisha kwa sababu ni ya kibinadamu. Makarani wawili walitumia kompyuta moja. Wa kwanza alifungua fomu, akaitwa mizani. Wa pili akafungua dirisha jingine, akamtoa mwenzake katika mfumo, akaingia kwa jina lake. Wa kwanza aliporudi, fomu yake ilikuwa bado pale, maandishi yake yote yapo, ila tokeni iliyomo ilikuwa ya kikao kilichokwisha kufutwa. Alipobonyeza, akakataliwa. Sasa tafakari: fomu ile ingepokelewa, ingeandikwa kwa jina la nani? La karani wa pili, ambaye ndiye kuki yake ilikuwa mlangoni. Kumbe mara hiyo mlinzi hakumkosea mtu mwema. Alimzuia mwema asitie mkono wake katika jina la mwema mwenzake, na wote wawili wakamtukana. Yule msichana wangu wa maharage angeelewa.

La nne ndilo gumu. Karani hufungua fomu saa mbili asubuhi, wakulima wanafika, huenda kupima magunia, umeme hukatika na kurudi, na anapoketi tena ni saa saba mchana. Kwa kawaida Laravel hukihesabu kikao kuwa kimekwisha baada ya dakika 120 bila kuguswa. Mtu ni yule yule, fomu ni ile ile, nia haijabadilika. Mpwa wangu alitaka kurefusha muda uwe siku nzima. Lakini kikao cha siku nzima katika ofisi yenye mlango wazi sokoni ni muhuri juu ya meza pamoja na kidau chake. Tulibishana sana juu ya hili, na hatukumaliza usiku mmoja.

Katika kubishana huko niliona kwamba tulikuwa tukilichanganya swali la kuzuia na swali la namna ya kuzuia. Mlinzi ana haki ya kusema siwezi kuipokea. Hana haki ya kuichana barua ya mtu, wala ya kumwacha akidhani ametuhumiwa. Wazazi niliowarudisha kwa ajili ya namba niliwaketisha kwanza, nikawaeleza kwamba sina shaka nao, nikawaandikia kijikaratasi cha kupeleka kule walikotoka ili wasianze upya. Mlinzi anayejua kwamba wengi atakaowasimamisha ni waadilifu anawiwa adabu kubwa kuliko yule anayekutana na wezi watupu. Jambo hili naliona kuwa la haki, si la ukarimu tu. Mtu mwema anabeba mzigo kwa ajili ya usalama wa wote, kwa hiyo wote wanapaswa kuupunguza mzigo ule kadiri inavyowezekana.

Hatimaye muda ulibaki saa mbili. Kilichobadilika ni mengine. Aliyoyaandika karani sasa huhifadhiwa katika mashine yake wakati anaandika, na fomu ikikataliwa humrudia ikiwa imejaa, na tokeni mpya, baada ya kuingiza tena neno lake la siri. Yale maneno mawili ya Kiingereza yaliondolewa. Niliombwa kuandika mapya, nami nikaandika: "Fomu hii imekaa muda mrefu, au mtu mwingine ameingia katika mfumo kwa mashine hii. Hujakosea. Uliyoyaandika yamehifadhiwa. Ingia tena, yasome, kisha tuma." Mpwa wangu alisema ni marefu. Nilimwambia yasifupishwe, hasa neno la kuyasoma, kwa kuwa mtu aliyeacha jambo tangu asubuhi apewe nafasi ya kuona kama bado analitaka.

Lipo jambo moja ambalo tokeni hailijui. Chama kinataka kuongeza fomu ya mkulima kuomba malipo ya awali kabla ya mavuno, ili kuwaepusha watu na butura. Kwa wasomaji wasio wa Kagera, butura ni biashara ya kuuza kahawa ingali maua au ya kijani mtini, kwa bei ndogo, kwa sababu mtoto anaumwa au ada inadaiwa. Viongozi wa mkoa wameikemea kwa miaka mingi, nayo ingalipo. Mzee anayeuza butura hutia dole gumba lake mwenyewe katika karatasi aliyopewa yeye, akijua anachokifanya, mbele ya shahidi wa kweli. Muhuri ni wake, nia ni yake, na hakuna mtumishi aliyetumwa kutoka dirisha la pili. Aristotle aliitaja hali ya namna hiyo kwa mfano wa nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa tufani: saa ile anataka kuitupa, ingawa hakuna mtu mwenye akili ambaye angetupa mali yake hivi hivi. Aliyaita matendo ya mchanganyiko.

Mpwa wangu aliniletea rasimu ya fomu hiyo niisome Kiswahili chake. Nilimwomba aweke juu ya kitufe cha kutuma bei ya kahawa ya siku hiyo na kiasi kitakachobaki kwa mkulima baada ya kukatwa, na ombi lilale hadi kesho yake kabla ya kushughulikiwa, ili mwenyewe aweze kuliondoa. Ameviweka vyote viwili. Kamati ya chama imekubali lile la bei. Juu ya lile la kulala hadi kesho wamegawanyika, kwani wapo wajumbe, na miongoni mwao akina mama waliowahi kulazwa na watoto wao, wanaosema kwamba kwa mtu aliye hospitalini usiku mmoja ni mrefu mno.